Seva "Imejaa": Kwa Nini Kununua Diski Peke Yake Hakutoshi

"Seva imejaa." Utaisikia kwenye ofisi za mawakala wa forodha jirani na bandari ya Tanga, utaisikia kwa mhasibu wa saccos Chumbageni, na kwa mwenye duka la jumla Ngamiani ambaye siku hizi hesabu za mali yake zote zimo kwenye kompyuta. Baada yake hufuata nyingine: "Basi tununue diski." Inaagizwa Dar, inakuja na basi, fundi anaifunga, bosi analipa. Kesho yake asubuhi mhasibu anafungua mashine na kukuta ule mstari mwekundu wa C uko palepale. "Kaka, si tulilipia terabaiti nne? Zimekwenda wapi?"

Hapo maneno huanza. Bosi anahisi kapigwa. Fundi anaapa kwamba diski ipo, anaionyesha kwa kidole, taa yake inawaka kijani. Na katika ugomvi huo hakuna mwongo. Kati ya diski unayoweza kuishika mkononi na ile C anayoiona mhasibu kuna matabaka kadhaa, na mara nyingi tabaka moja likiongezewa nafasi halimpi habari mwenzake. Kila moja lazima liambiwe peke yake.

Tuanze na majina. Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine: inahifadhi mafaili, inaendesha mfumo wa uhasibu, inarekodi kamera za getini. Zamani kila kazi ilikuwa na seva yake. Siku hizi kompyuta moja yenye nguvu inawekewa programu ya kuigawa, haipavaiza, na VMware ESXi, Hyper-V ya Microsoft na Proxmox ndiyo majina utakayoyasikia kwa mafundi. Ndani yake zinakaa kompyuta kadhaa zisizo na mwili, yaani mashine pepe. Kila moja inajiona kamili: ina Windows au Linux yake, ina kumbukumbu yake, ina diski yake. Ile diski yake mara nyingi ni faili kubwa tu lililokaa ndani ya seva mama. Tuiite diski pepe. Mahali zinapokaa diski pepe zote ni stoo ya data. Na voliumu ni kipande cha nafasi kilichokatwa, kikapewa jina na kuandaliwa kutumika. C na D za Windows ni voliumu.

Sasa chukua mwenye ghala karibu na bandari. Ana kiwanja, amekizungushia uzio, ndani ya uzio amejenga ghala, ghala amelikata vyumba, na katika kila chumba mpangaji amechora mistari sakafuni: huku mkonge, huku maharage. Siku moja ananunua kiwanja cha jirani. Pesa imelipwa, hati iko mkononi. Je, mpangaji wa chumba cha tatu amepata nafasi? Bado. Uzio haujasogezwa, ukuta wa ghala haujavunjwa, chumba hakijapanuliwa, na hata kikipanuliwa mpangaji mwenyewe lazima achore mistari mipya, la sivyo makuli wataendelea kupanga magunia ndani ya mistari ya zamani.

Kiwanja ni diski. Uzio ni RAID, mpango wa kuunganisha diski kadhaa zionekane moja, ili moja ikifa kazi iendelee. Ghala ni stoo ya data. Chumba ni diski pepe. Mistari ya sakafuni ni patisheni na mfumo wa faili, yaani utaratibu ambao Windows au Linux hutumia kujua faili gani liko wapi. Kukuza huanzia chini kwenda juu: kiwanja kwanza, mistari mwisho. Kupunguza ni kinyume chake, na anayeanza kubomoa ukuta kabla ya kuhamisha magunia anajua kitakachotokea.

Kwenye kiwanja huwa kuna malalamiko ya hesabu. Diski iliyoandikwa TB 4 kwenye boksi, Windows huionyesha kuwa na takriban 3.6. Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo ikizidishwa mara nne mfululizo hufikia karibu asilimia 9. Kisha RAID nayo inachukua haki yake. Diski nne za TB 4 katika RAID 5 hutoa TB 12, katika RAID 10 hutoa 8. Kinachokosekana ndicho kinachokuokoa siku diski moja inapokufa.

Ukibadilisha diski ndogo kwa kubwa, unabadilisha moja moja, na kila mara unasubiri RAID ijijenge upya kabla ya kugusa inayofuata. Nafasi mpya haitaonekana mpaka ya mwisho iingie. Kwa diski kubwa za leo kujijenga upya kunaweza kuchukua usiku mzima na zaidi, na RAID 5 katika saa hizo haina ulinzi wowote: ikifa nyingine, vyote vimekwenda. RAID 6 huvumilia vifo viwili. Mimi kwa diski za terabaiti nyingi siipendi RAID 5 hata kidogo, hasa kwenye chumba cha seva chenye feni moja, joto la Februari na hewa ya chumvi inayoingia dirishani. Na kazi hiyo usiianze bila UPS yenye betri nzima.

Uzio na ghala sitakaa nazo sana. Ni amri chache kwenye kadi ya RAID na kwenye haipavaiza, fundi anayeijua seva yake huzimaliza haraka. Chumba, yaani diski pepe, ni rahisi kuliko vyote: unafungua mipangilio ya mashine, unabadilisha 100 kuwa 300, unabofya, kwisha. Wepesi huo ndio unaodanganya watu, kwa kuwa wanadhani kazi imeisha hapo.

Kwenye Windows Server 2022 fungua dirisha la kusimamia diski baada ya kuongeza. Utaona mstari mrefu wa Diski 0. Kushoto kuna kipande kidogo cha kuwashia mashine, kisha C yenye GB 99 na ushei, kisha kijipande chembamba cha uokoaji, ambacho Windows hukitumia kujitengeneza ikigoma kuwaka, kisichofika hata GB 1, na mwishoni kabisa, chini ya utepe mweusi, GB 200 zisizo na mwenyewe. Hizo ndizo ulizoongeza dakika mbili zilizopita. Bofya C kwa kitufe cha kulia: neno la kupanua limefifia, halibofyeki. Wengi huishia hapo wakaamini diski ni mbovu, au kwamba Windows hiyo haina leseni.

Sababu ni kile kijipande cha katikati. Dirisha hilo hupanua voliumu kwenda kwenye nafasi iliyogusana nayo upande wa kulia tu, na C haigusani na zile GB 200. Dawa ni kuuzima uokoaji kwa amri ya reagentc, kukifuta kijipande, kupanua C huku ukibakiza nafasi kidogo mwishoni, kisha kukiunda upya na kuuwasha uokoaji. Ni kazi ya nusu saa kwa anayejua, na ya kilio kwa anayefuta kipande kisicho chenyewe. Ndiyo maana mimi data huiweka kwenye diski pepe ya pili, D, tangu siku ya kwanza. D haina kijipande nyuma yake. Ukiiongezea inanyooka moja kwa moja, na C inabaki na Windows yake.

Upande wa Linux mambo ni mepesi ikiwa aliyeiweka alitumia LVM, mpango unaoruhusu voliumu kunyooka na kuvuka diski zaidi ya moja. Hatua inayosahaulika ni ya mwisho. Amri ya lvextend hupanua voliumu, lakini ukiandika df, amri ya kuonyesha nafasi iliyobaki, unaona namba ileile ya jana, maana mistari ya sakafuni haijachorwa upya. Kwa mfumo wa faili wa ext4 inayochora ni amri ya resize2fs, kwa ule wa XFS ni xfs_growfs. Ukiiandika lvextend pamoja na alama ya -r, inafanya yote mawili kwa mkupuo, na mashine haina haja ya kuzimwa.

Kuna na mtego wa kale kidogo. Diski iliyoanzishwa kwa mpangilio wa MBR, namna ya zamani ya kuorodhesha vipande vya diski, haitumii zaidi ya TB 2. Ikuze hadi 4, kinachozidi utakiona kimekaa pale na hakitagawika. Mpangilio wa GPT hauna kikomo hicho, kwa hiyo diski yoyote ya data ianzishwe kwa GPT hata kama leo ni ndogo.

Lakini kabla ya kupanua chochote, kuna swali ambalo ofisi nyingi hazijiulizi: nani kajaza?

Mara nyingi si data. Mfumo wa uhasibu unaotumia SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, ukiachwa kwenye hali ya uokoaji kamili, huandika kila muamala kwenye faili la kumbukumbu za miamala (log), na faili hilo huendelea kunenepa hadi lifanyiwe bekapu lake lenyewe. Bekapu ya hifadhidata peke yake hailigusi. Utakuta hifadhidata ya GB 6 na kumbukumbu ya GB 140 pembeni yake. Hapo ukiongeza GB 200 umenunua muda tu, baada ya miezi kadhaa mtarudi kwenye kikao kilekile. Kwenye Linux anaweza kuwa kamera inayorekodi bila kufuta, au mafaili ya taarifa za mfumo ambayo hakuna aliyeyapangia ukomo. Wakati mwingine nafasi ipo tele na mashine bado inalia imejaa. Ext4 huamua idadi ya mafaili itakayoweza kubeba siku ile inapoundwa, na seva ya barua pepe yenye mamilioni ya vijifaili inaweza kumaliza idadi hiyo kabla ya kumaliza gigabaiti. Amri ya df -i ndiyo inayoumbua. Programu ya kuonyesha folda gani imekula nini ni ya bure, na huchukua dakika chache kumpata mlaji.

Nafasi iliyoahidiwa na nafasi iliyopo

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na ndipo watu wanapoelewa kidogo zaidi. Diski pepe inaweza kutolewa kwa namna mbili. Kwa mgao kamili, ukiipa mashine GB 600, stoo inatenga GB 600 saa hiyohiyo hata kama mashine haijaandika kitu. Kwa mgao mwembamba, mashine inaambiwa ina GB 600, lakini stoo hutoa kadiri inavyotumika kweli. Leo imetumia 80, stoo imetoa 80.

Mgao mwembamba ni mzuri na mimi huutumia. Shida ni kwamba unaruhusu kuahidi kuliko ulicho nacho. Stoo ya TB 2, mashine tano, kila moja imeahidiwa GB 600: ahadi ni TB 3. Mwenye ghala kawapa wapangaji mikataba ya magunia mengi kuliko ghala lenyewe, akitegemea hawataleta mizigo siku moja. Kwa miezi yote yuko sawa. Kisha msimu unafika.

Msimu wa seva kwa kawaida ni usiku, bekapu ikiendelea na ripoti za mwisho wa mwezi zikitengenezwa. Stoo ikifika mia kwa mia, VMware humsimamisha yule anayetaka nafasi mpya na kuuliza la kufanya, swali linalokaa kwenye skrini bila mtu wa kulijibu hadi asubuhi. Proxmox ikiwa inatumia LVM nyembamba, maandishi yanakataliwa, Linux iliyomo ndani inaweza kujifunga isome tu bila kuandika, na hifadhidata iliyokatwa katikati ya sentensi inaweza kuharibika. Kumbuka kwamba ndani ya mashine hiyo kila kitu kilikuwa kinaonyesha nafasi tele. Mhasibu akitazama C yake anaona GB 300 ziko wazi, na mashine imekufa. Hapo ndipo maneno ya kurogwa yanapoanza kusikika ofisini, nusu utani nusu kweli.

Kwa hiyo kuna namba mbili za kuangalia, ya ndani ya mashine na ya stoo, na ya stoo ndiyo inayoua. VMware bila kuguswa huonya kwa rangi ya njano stoo ikifika asilimia 75 na nyekundu ikifika 85. Onyo hilo lisaidie nani kama halimfikii mtu? Liunganishwe na barua pepe au simu ya fundi. Onyo linalowaka kwenye skrini ya chumba kilichofungwa kwa kufuli halijamwonya mtu.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: mhasibu anafuta GB 150 za picha za zamani, C yake inapumua, lakini stoo haishuki hata gigabaiti moja. Kufuta faili kwa kawaida hakuondoi kilichoandikwa, kunafuta tu anwani yake, na stoo iliyo chini haina habari. Lazima mashine itume ujumbe wa kusema "vipande hivi sivihitaji tena", na njia nzima iliyo kati iuruhusu upite. Kwenye Proxmox kuna kisanduku cha kuweka alama ya Discard kwenye mipangilio ya diski pepe, na wengi hawakigusi. Ukishakiwasha, Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, hutuma ujumbe huo yenyewe kila wiki, na amri ya fstrim huutuma papo hapo. Kwenye VMware, stoo za fomati ya VMFS6 huirudisha nafasi hiyo polepole zenyewe, ila diski pepe iwe ya mgao mwembamba.

Snapshoti si bekapu

Snapshoti ni alama ya muda: mashine ilivyokuwa saa fulani, ili ukiharibu uweze kurudi. Kabla ya kusasisha mfumo wa mishahara unapiga snapshoti, unasasisha, ukiona mambo yameharibika unarudi nyuma. Kwa kazi hiyo haina mpinzani.

Jinsi VMware inavyofanya ni hivi: ukipiga snapshoti, faili la awali la diski linagandishwa lisiandikwe tena, na kila kipya kinaandikwa kwenye faili jingine pembeni. Faili hilo la pembeni hukua kila siku, na likiachwa linaweza kukaribia ukubwa wa diski nzima. Kila usomaji sasa unapitia mafaili mawili, ukipiga tatu unapitia manne, mashine inakuwa nzito na watu wanalaumu intaneti. Mwongozo wa VMware wenyewe ni kwamba snapshoti moja isikae zaidi ya saa 72. Nimekwishaona zilizokaa mwaka, zenye majina kama "kabla ya update" na "kabla ya update 2". Nyingine huachwa na programu za bekapu zilizokatikia njiani umeme ulipozimika.

Zinaachwa kwa sababu ya hofu, na hofu hiyo ina msingi wa kutoelewa. Watu husema, "Tukifuta snapshoti ya mwezi wa tatu, kazi zote za tangu mwezi wa tatu zitapotea." Sivyo. Kufuta snapshoti ni kuyaunganisha yale ya pembeni na ya awali: mashine inabaki ilivyo leo, kinachopotea ni uwezo wa kurudi nyuma tu. Kinachofuta kazi ni kurudi kwenye snapshoti. Vitufe viwili, vimekaa jirani kwenye menyu moja, na matokeo yake ni mbingu na ardhi. Soma mara mbili kabla ya kubofya. Kuunganisha snapshoti kubwa huchukua saa nyingi na huihitaji stoo ipate pumzi, kwa hiyo usisubiri ibaki asilimia mbili. Tena VMware haitakuruhusu kupanua diski pepe yenye snapshoti, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya ile namba kukataa kubadilika hata fundi akibofya hadi kidole kimuume.

Kwenye ZFS, mfumo mwingine wa kuhifadhi data, na kwenye LVM nyembamba ufundi wa ndani ni tofauti, lakini gharama ni ileile: vipande vya zamani haviachiwi mpaka snapshoti iondoke.

Na bekapu ni kitu kingine kabisa. Snapshoti inakaa kwenye stoo ileile. Stoo ikifa, zinakufa pamoja. RAID nayo si bekapu: ukifuta faili kwa makosa, RAID inalifuta kwenye diski zote kwa uaminifu mkubwa, na kirusi kikifunga mafaili, kinayafunga kotekote. Kanuni inayotumiwa na wengi ni nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo. Ofisi ikiwa mjini, ya tatu inaweza kukaa kwenye diski ya nje nyumbani kwa bosi Raskazone, imefungwa kwa nywila. Kabla ya kugusa tabaka lolote kati ya niliyoyataja, chukua bekapu kisha ujaribu kuirudisha hata mashine moja. Bekapu isiyowahi kurudishwa hakuna ajuaye kama inafanya kazi.

Kupunguza je? Kifupi: usitegemee. XFS haipungui. Ext4 inapungua ikiwa imeshushwa tu, si ikiwa kazini. Stoo ya VMFS haipungui, na Proxmox kwenye ukurasa wake hutoa kitufe cha kukuza diski pepe pekee. Kwa hiyo usimpe mtu GB 1,000 kwa sababu kaomba. Mpe 200, atarudi, utaongeza kwa dakika tano.

Kukuza na kuhama ni vitu viwili

Tangu kampuni ya Broadcom ilipokamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, mazungumzo ya mafundi yamebadilika. Desemba mwaka huohuo leseni za kununua mara moja ziliacha kuuzwa, ikabaki kulipia kwa muda. Februari 2024 toleo la bure la ESXi liliondolewa, likarudishwa Aprili 2025. Msaada wa kawaida kwa toleo la 7 ulikoma tarehe 2 Oktoba 2025. Katika hayo yote ofisi zikaanza kuambiwa kwamba seva zao zitajizima. Mwenye leseni ya kudumu seva yake haijizimi. Anachokosa ni masahihisho ya usalama na mtu wa kumpigia, nalo si jambo dogo kwa seva inayoonekana kwenye intaneti. Lakini ni tofauti na kuzimikiwa.

Kuna kusasisha fomati ya stoo yenyewe. VMFS5 ilikuja mwaka 2011, VMFS6 ikaja 2016 pamoja na toleo la 6.5. Wengi hudhani kuna kitufe cha kuigeuza ya zamani kuwa mpya. Kutoka VMFS3 kwenda 5 kilikuwepo. Kutoka 5 kwenda 6 hakipo: unaunda stoo mpya, unahamisha mashine, unafuta ya zamani. Kuhamia Proxmox ni vilevile kwa maana hiyo. Tangu toleo la 8.2 la Aprili 2024 Proxmox ina njia ya kuzivuta mashine moja kwa moja kutoka ESXi, lakini lazima kuwe na mahali pa kuzitua. Ofisi yenye seva moja na stoo moja iliyojaa asilimia 90 haiwezi kuhama kokote. Kabla ya kuzungumzia programu gani ni bora, tafuteni seva ya kuazima au chombo cha kuhifadhi cha mtandao chenye ukubwa wa kutosha.

Muda nao uhesabiwe kwa kalamu. Mtandao wa gigabiti moja hupitisha takriban MB 110 kwa sekunde, hivyo TB 2 zitachukua saa tano kwa uchache. Kama katikati kuna swichi ya zamani ya megabiti 100, na Tanga bado zipo nyingi zimefichwa juu ya dari, saa hizo tano zinakuwa zaidi ya siku mbili. Mashine za Windows ziwekewe dreva za VirtIO, programu za kuziwezesha kuiona diski pepe ya Proxmox, kabla ya kuondoka ESXi, la sivyo zikiamka kwenye Proxmox zinaweza kusimama kwenye skrini ya bluu na hofu ikaanza upya. Diski za zamani zisiishie kwa wauza vifaa vya mitumba zikiwa na majina na mishahara ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na kufomati kwa haraka kunaacha karibu kila kitu kikisomeka.

Kuna wanaosema yote haya ni usumbufu, tuhamie wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti. Wana hoja, hasa kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu. Kiwanja, uzio na ghala vinakuwa shughuli ya mtu mwingine. Chumba na mistari ya sakafuni vinabaki vyako: kwenye AWS, wingu la Amazon, kwa mfano, ukiongeza ukubwa wa voliumu bado unaingia ndani ya Windows au Linux na kuipanua kwa hatua zilezile, na kuipunguza hakuna. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, waliokuwa na kila kitu wingu walishinda wakitazama kiduara kinachozunguka, wakati wenye seva ofisini waliendelea kutoa ankara. Tena wingu la namna hiyo hukutoza kwa ukubwa ulioomba, si ulioutumia. Ukiomba TB 1 na data yako ni GB 200, bili ya kila mwezi ni ya TB 1.